Herode na Mkebe wa Buluu

Ijumaa, 21 Novemba

Hili daftari ni la Faris, mtoto wa bosi, la hesabu za darasa la tatu. Aliandika kurasa sita akalichoka, madam akalitupa, mimi nikaliokota. Mwatime ndiye amesema niliandikie. Alikuwa anakata vitunguu akaniambia, "Dada Keziah, keti na daftari uongee nalo. Mie masikio yangu yataka likizo." Nikacheka. Mwatime ni Mdigo wa Kwale, anasema moja ananyamaza mbili. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, nikinyamaza watu wanauliza kama ni malaria.

Sasa niandike vile mambo iko. Tuko Jeddah, Aziziya, nyumba ya gorofa mbili. Mimi nafua, napiga pasi na kuangalia watoto, Mwatime anapika. Mwaka wa nne huu sijaona nyumbani. Valary wangu nilimwacha na miaka saba, sasa ana kumi na moja, anakaa na ndugu yangu Wafula na mke wake. Bosi ameniahidi tarehe kumi Januari natoka, miezi miwili. Lakini amesema tunaenda mmoja mmoja. Mimi nikienda kwanza, Mwatime anangoja mpaka Idd ipite. Na yeye pia ana miaka minne. Bosi aliposema hivyo Mwatime aliendelea kuosha mchele. Nimeandika hiyo hapa ikae.

Pasipoti zetu ziko kwa mkebe wa buluu wa biskuti, juu ya kabati ya bosi. Ukimuuliza mambo ya likizo anauteremsha, anaangalia kama bado ziko, anafunga kifuniko, anakigonga na pete yake mara mbili, tak tak, halafu anasema, "Bukra, inshallah, bukra." Kesho. Hiyo kesho yake naijua kama jina langu. Si mtu mbaya. Mtu mbaya hakununulii dawa ya jino na kukuuliza mara tatu kama umemeza.

Jumatatu, 24 Novemba

Mawingu tu. Kanzu kumi na nne nimepiga pasi.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua ya Jeddah ikikuja inakuja na hasira ya mwaka mzima. Barabara yote ni mto, shule zimefungwa. Bosi ametoka kwa gari amebeba viatu mkononi, kanzu ameikunja mpaka magotini, na ile shemaghi yake nyekundu, kitambaa cha kichwani, imeloa imemshika uso. Anaita, "Yalla, Keziah, taulo!" Nikamletea taulo na nimeuma midomo nisicheke.

Jioni nikamtumia Valary voisi. Huku kupiga ya bure inakataa, so sisi ni voisi tu. Nikamfanyia bosi mwenyewe, na sauti yake nzito, na yalla yake, na maji vile yanaingia kwa kiatu. Dakika kumi na moja. Valary akarudisha sekunde nne za kicheko, halafu, "Mama, mfanye tena wa mkebe." Nikamfanya tena wa mkebe.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo dereva alitushusha mtaa wa Mahjar kwa Peris. Peris ni mshonaji, ana chumba chake, na yeye ndiye mkubwa wa grupu letu la simu, wamama wa Kenya wa Jeddah na Riyadh, Wakristo na Waislamu pamoja. Kila tarehe ishirini na tano Desemba Peris anazaliwa. Hivyo ndivyo tunaita, bathdei ya Peris, tunakula chapati, tunaimba pole pole, tunakata keki. Mwaka huu Peris amesema amechoka kuzaliwa. Anataka kwa grupu tuandike Krismasi wazi.

Achieng wa grupu akasema, "Wewe andika, halafu madam wangu asome. Tuite sherehe ya kufunga mwaka. Hiyo haikwaruzi mtu."

Peris akasema, "Basi na Yesu tumuite mtoto wa kufunga mwaka."

Wakaanza. Wengine wanasema tuheshimu nchi ya wenyewe, wengine wanasema jina haliumi. Mwatime alikuwa kwa kona anakula kaimati. Akasema, "Andikeni mtakalo. Kwetu Kwale sahani yenu ya Krismasi hatujawahi kuikataa. Mie nakuja kula." Watu wakacheka, ikaisha.

Hapo nikawaambia habari ya Herode wetu wa nyumbani, kwa sababu hakuna kanisa lingine lina Herode kama yule. Siku ya Krismasi, watoto wakishaimba, anaingia Herode. Wakati wangu alikuwa mzee Laban, askari wa kanisa, blanketi mgongoni, masizi usoni, taji la karatasi. Anapiga kelele anataka watoto wa Bethlehemu, na watoto wote tunatimua mbio kanisani. Ukiingia chini ya leso ya mama yako, umepona, Herode hakugusi. Usipopata leso unashikwa, unasimamishwa mbele unaimba peke yako. Nilikuwa nalowa nguo kwa kucheka na uoga. Leso ya mama yangu ilikuwa inanuka moshi na maziwa.

Valary ako kwa mchezo mwaka huu. Nimemuuliza Wafula, ambaye ndiye mwalimu wao, ni nani, ni malaika? Akasema ni siri.

Jumatano, 3 Desemba

Leo sitaandika kidogo.

Nilikuwa napanga soksi, simu ikaanza kulia kama imechanganyikiwa. Grupu. Peris ametuma vidio, Achieng ametuma hiyo hiyo, kila mtu anatuma. Nafungua, naona ni kanisa letu. Benchi zetu. Ule ukuta wenye ufa. Ni watoto wanafanya zoezi la mchezo wa Krismasi.

Herode amekaa kwa kiti. Hana blanketi. Amevaa kanzu nyeupe, na kichwani shemaghi nyekundu amejifunga nayo mpaka unaona macho tu. Mariamu na Yusufu wanaingia na kifurushi. Herode anasema kwa sauti nzito, "Ikama wapi, kibali cha kukaa? Leta pasipoti. Yalla." Mariamu anatoa karatasi. Herode anainama chini ya kiti, anatoa mkebe. Wa buluu. Wa biskuti. Anatia pasipoti, anafunga, anagonga mara mbili. Tak tak. "Bukra, inshallah, bukra." Na watoto wa kanisa wote wanaanguka kwa kicheko.

Nilicheka na mimi. Halafu kicheko kikanikauka mdomoni.

Hiyo shemaghi ni ya bosi. Ni ile ya zamani madam aliweka kwa matambara, nikaitia kwa boksi la mizigo mwaka jana, nikamwambia Wafula afunike nayo meza. Hiyo naikubali, ni mimi. Lakini mkebe? Na kugonga? Na bukra vile anaivuta mwishoni? Hayo yanafanyika ndani ya chumba kimoja duniani, na tunaoingia huko kumuomba likizo ni wawili.

Nikashuka jikoni. Mwatime alikuwa na simu sikioni anaongea Kidigo. Aliponiona akakata.

"Umeona vidio?" nikamuuliza.

"Nimeiona."

"Unasemaje?"

"Nasema mchele waungua," akanigeuzia mgongo.

Nimempigia Wafula. Anasema ni mzazi mmoja alirekodi akarusha, na watu wameiangalia wengi kuliko kata nzima. Nikamuuliza Herode ni mtoto wa nani, akasema laini ni mbaya. Laini ilikuwa nzuri.

Bosi akiona hii, tarehe kumi ndio hiyo imekwenda. Na mimi nisipoenda, nani ataenda?

Ijumaa, 5 Desemba

Kenya nzima inapigania Herode wetu. Peris alifungulia redio ya nyumbani kwa simu, watu wanapiga simu studio wanalia. Mhubiri mmoja anasema watoto wanafundishwa chuki. Mama mmoja anasema binti yake alirudi kutoka huku kwa sanduku, kwa hivyo Herode avae hivyo hivyo na aongezwe sauti. Mheshimiwa fulani anasema mchezo upigwe marufuku mpaka kamati ikae. Mwenye ofisi ya kupeleka watu Saudia anasema biashara yake imechafuliwa. Mzee mmoja akasema yeye anataka tu Herode wa blanketi wa utotoni, na wakamkatia simu, huyo peke yake ndiye aliongea kitu.

Hapo Mahjar nako moto. Achieng anataka Herode avae suti. Peris akasema, "Akivaa suti watasema ni mbunge."

Mwatime akasema, na alisema polepole, "Mie pasipoti sina neno nayo, ni kweli tupu. Lakini kile kitambaa baba yangu akivaa kila Ijumaa kwenda msikitini. Watoto wamekaa wacheka mtu mwenye kitambaa. Sasa mie nikicheka, nacheka nani?"

 Mimi nilimwangalia sana. Mtu mwenye hatia ndiye anaongea vizuri hivyo.

Jumamosi, 6 Desemba

Mwatime ana simu mbili. Ya pili huwa hatoi mbele yangu.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemtegea mtego. Asubuhi tukisafisha samaki nikamwambia, kama siri, eti bosi anaota upara na amenunua nywele za bandia za kuvaa harusini. Uongo mtupu, bosi ana nywele kama zulia. Nikasema moyoni, hii ikitokea popote, ni yeye. Hapa Saudia sijaambia mtu mwingine yeyote.

Mwatime akasema, "Maskini," akaendelea na magamba.

Jioni mvua kidogo. Voisi kwa Valary dakika kumi na mbili. Ana kikohozi, nikamchekesha apate nafuu.

Alhamisi, 11 Desemba

Madam amekuwa ananiangalia nikipiga pasi. Au ni mimi. Bosi leo amesema "shukran" kwa chai, na yeye husema hivyo Ramadhani tu. Kwa nini leo?

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemshika.

Kuna vidio mpya. Zoezi lingine. Herode anafunga mkebe, halafu anaingiza mkono chini ya shemaghi, anatoa manywele ya katani, anayarekebisha kwa kioo, anayarudisha. Kanisa limekufa kwa kicheko.

Nywele za bandia. Mtego wangu. Nilikuwa kwa kitanda cha Peris, Mwatime amekaa mbele yangu kabisa, anatazama vidio hiyo hiyo. Akainua macho akaniangalia.  Alitikisa kichwa tu kama mtu anayemwona mtoto amemwaga uji. Nikafikiria, ona huyu, hana hata aibu.

Nimemtumia Valary voisi nikamwambia yote, nyoka tunakaa naye jikoni, ana simu mbili, akiniona ananyamaza, anataka likizo yangu, hata ile shukran ya bosi nikamwambia. Siwezi kukaa na kitu kwa moyo.

Jumamosi, 13 Desemba

Madam ameniita sebuleni. Simu yake ilikuwa mezani. Akaniuliza, kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiarabu na mikono, "Keziah, hapa nyumbani, nani anaongea sana kwa simu? Anapeleka maneno ya nyumba nje?"

 Niliona tarehe kumi inatembea inaenda. Nikasema, "Madam, mimi sijui. Mwatime ana simu mbili."

Hiyo tu. Sikuongeza. Hata ni ukweli, ana simu mbili.

Jumatatu, 15 Desemba

Mwatime ameondoka. Bosi alisema asubuhi kwamba mama yake, bibi wa Riyadh, msichana wake wa kazi amekwenda kwao, na Mwatime atakaa huko kwake, mtaa wa Suwaidi. Mpaka lini? Bukra.

Alipanga nguo zake kwa begi moja. Leso zake mbili alizikunja za mwisho. Nilisimama mlangoni.

"Dada Keziah," akasema, "umewaambia nini?"

"Mimi? Sijasema kitu."

"Basi leo ndo mara ya kwanza nakuona huna la kusema." Akavuta zipu. "Kuna samaki kwenye friza. Faris hapendi wa mifupa."

Nilimbebea begi mpaka kwa gari. Hakunizuia.

Jumanne, 16 Desemba

Napika mimi sasa. Madam amesema wali ni mgumu.

Jumatano, 17 Desemba

Nimegundua kitu, nikiwa peke yangu jikoni bado naongea. Nauliza, najijibu. Sauti inagonga vigae inarudi.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimelia leo na bado nimekaa hapa naandika, machozi yamelowesha hesabu za Faris.

Wafula alituma ujumbe kwamba wazee wa kanisa wamekaa. Wameamua Herode arudi kuwa wa kitambo, blanketi, masizi, taji. Shemaghi itakuwa kitambaa cha meza, na mkebe usionekane. Mimi kwa hiyo ya shemaghi naona wamefanya sawa. Nilikuwa nakumbuka vile Mwatime alisema ya baba yake. Halafu mwisho Wafula akaandika, "Sasa mtoto wako analia anasema hatacheza tena."

Nikamuuliza, "Analia nini na yeye si Herode?"

Akaandika, "Dada, kwani hukumjua?"

Nikaifungua vidio tena. Nikaangalia yale macho. Miaka minne. Nimeyatazama hayo macho mara hamsini, nikacheka, nikashuku, na sikuyajua.

Nikatuma voisi, "Valary, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nani alikufundisha hayo maneno? Ya mkebe?"

"Si ni wewe."

"Na nywele? Nani alikuambia ya nywele?"

"Ni wewe, mama. Ile voisi ya Jumatatu, nilipokuwa na kikohozi. Nina zako zote. Nazisikiliza nikienda mtoni, najua mpaka pale unapokohoa. Nilimwambia anko nitafanya Herode kama wewe unavyofanya bosi, na watu walicheka, mama, uliona walivyocheka?"

Nilikuwa nimekaa kwa kitanda cha Mwatime, kitupu. Mtego niliutega mwenyewe, nikaukanyaga mwenyewe, nikamfunga mwingine.

Bado nikamuuliza kitu kimoja. Kwa nini hakutaka kuwa malaika, au Mariamu, wasichana wote wanataka hiyo.  Akasema, "Malaika wakimaliza kuimba wanaingia kwa watoto, na wao wanakimbizwa. Kila mwaka mimi nashikwa, mama. Mimi na wale wengine ambao mama zao wako Saudia. Shangazi ana leso lakini inajaa watoto wake. Herode ndiye hakimbizwi."

Mimi huyu nilishika kile kitufe cha kuongea, nikakiachilia.

Jumatatu, 22 Desemba

Shule zimefunga, tumekuja Riyadh kwa bibi. Masaa kumi kwa gari, Faris ametapika mara mbili. Baridi ya huku inaingia kwa mifupa bila kubisha. Suwaidi ni maduka na magari tu, kila kona kuna dereva anakunywa chai.

Mwatime alitufungulia mlango. Amevaa soksi na viatu vya bibi. Akasalimia watoto, akasalimia madam. Mimi akanipokea begi.

Jumanne, 23 Desemba

Nilimngojea bibi aingie kuswali adhuhuri. Mwatime alikuwa anamenya viazi. Nikachukua kisu nikakaa naye. Nikamwambia yote mpaka mwisho, mtego, voisi, Valary, na kile nilichomwambia madam. Nilitarajia anirushie kiazi.

Akasema, "Nilijua siku ile ya kwanza."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni wewe. Kwani nani hajakusikia? Kila jioni bosi amekaa jikoni kwetu agonga mkebe, na bosi mwenyewe yuko kazini. Mie nikidhani wajua. Ulivyonitazama nikasema, hebu, huyu ataka kunibebesha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenipa nafasi ya kusema lini?"

Nikacheka, halafu nikaona yeye hachekei. Akasema, "Madam aliniita mie kwanza, Ijumaa ile tuliporudi kutoka Mahjar. Aliniuliza hivyo hivyo, nani anaongea. Nikamwambia mikebe ya biskuti iko nyumba zote za Jeddah, huyo Herode ni bosi wa kila mtu. Nilidhani imekwisha. Kisha ukaenda wewe."

Viazi vilikuwa vimeisha tukaendelea kumenya maganda.

"Na simu ya pili?" nikamuuliza. Sijui kwa nini, ulimi wangu tu.

Akaitoa kwa mfuko wa dera. Kioo kimepasuka kote, haiwaki. "Ya marehemu mume wangu. Sauti yake iko ndani. Natafuta fundi."

Halafu akasema, "Ulivyonisema kwa madam, nenda ukanisemee."

Jumatano, 24 Desemba

Nimeenda. Bosi na madam walikuwa wanakunywa kahawa na bibi. Nilisimama kwa zulia. Nikasema simu ya Mwatime ni mbovu, nikasema anayeongea ni mimi, ni mimi nilimchekesha mtoto wangu, na yule Herode ni mtoto wangu.

Madam akafungua simu yake, akaiweka vidio mbele ya bosi. Kumbe alikuwa nayo tangu siku ya pili, rafiki yake alimtumia bila kujua ni nyumba gani. Bosi akaangalia. Mkebe ukatoka, tak tak, bukra. Bibi alicheka mpaka meno ya bandia yakasogea. Anasema hata baba yake bosi alikuwa anagonga hivyo.

Bosi hakucheka. Akaniuliza, "Huyu mfalme, kwa hadithi yenu, anafanya nini?"

Nikamwambia anashuku kuna mtoto atamnyang'anya kiti, hamjui ni yupi, kwa hivyo anataka wote.

 Akageuza kikombe. Akasema, "Januari ataenda mmoja. Nimesema mmoja."

Nilijua kinachofuata ni bukra, na nilijua naweza kuingojea. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Aende Mwatime, baba. Mimi nitangoja Idd."

Mdomo huu umeniponza maisha yote, leo tu nimeuachia kwa kupenda.

Alhamisi, 25 Desemba

Mahjar wanakula chapati bila sisi. Peris ameandika kwa grupu, "Leo ni Krismasi, na pia ni bathdei yangu, mwenye kukwaruzwa achague moja."

Sisi tulikuwa jikoni kwa bibi tunakunja sambusa. Wafula akatuma sauti ya mchezo, ameirekodi kutoka mbele. Valary amekubali kucheza, kwa blanketi na masizi. Tukaweka simu juu ya kopo la unga.

Watoto wanaimba. Halafu kimya. Halafu Herode anaingia, na sauti si nzito. Ni nyembamba, ya haraka, haipumui. Herode anasema, "Mimi naongea ukweli. Nyoka tunakaa naye jikoni. Huyu ana simu mbili. Huyu akiniona ananyamaza, kwa nini ananyamaza? Huyu amesema shukran, kwa nini leo? Mtu mwenye hatia ndiye anaongea vizuri. Yalla, leteni watoto wote."

Kanisa lilipasuka. Nasikia mama mmoja anaita, "Huyo ni Keziah, walai huyo ni Keziah mtupu."

Mwatime aliweka sambusa chini. Alishika meza. Alicheka bila sauti kwanza, halafu na sauti, akakaa sakafuni na unga kwenye mashavu, anajipiga paja, anasema, "Mrudishe, mrudishe tena hapo pa shukran." Tukamrudisha mara nne. Wazee wa kanisa waliondoa Mwarabu, wakaniweka mimi, na hakuna redio iliyopigiwa simu.

Ijumaa, 2 Januari

Jeddah. Mwatime amerudi na sisi. Vitunguu anakata yeye, naongea mimi.

Ijumaa, 9 Januari

Bosi ameuteremsha mkebe. Akatoa pasipoti ya Mwatime, akampa na tikiti. Akafunga kifuniko, pete ikainuka kugonga. Ikabaki hewani. Akaniangalia. Mimi nikaangalia dari, ina madoa mawili ya mvua.

Akakifungua kifuniko tena, akauacha mkebe wazi mezani na pasipoti yangu ndani, akatoka. Sijui ana maana gani. Nimemshuku mchana wote. Mpaka sasa mkebe uko wazi.

Jumamosi, 10 Januari

Mwatime akivaa viatu aliniambia, "Hebu leta hiyo leso."

"Ipi?"

"Hiyo uliyojifunga. Nikifika Mombasa naipakia basi la Bungoma."

"Ngoja niifue kwanza, imekaa jikoni wiki nzima."

"Ukiifua haina kazi," akasema, akaifungua kiunoni mwangu, akaikunja ndani ya zake.

Jumamosi, 17 Januari

Voisi kutoka kwa Valary, sekunde tisa. Nimeisikiliza nikipiga pasi, nimeisikiliza nikianika, nimempelekea Mwatime na Peris.

"Mama, leso imefika. Inanuka vitunguu. Shangazi anataka kuifua, nimeificha."